Anajua ba be bi bo bu, mbona sentensi inamshinda?

Kila mwaka, kati ya Machi na Mei, darasa la kwanza hufika palepale. Watoto wanaimba silabi bila kukosea, wanasoma "kaka" na "taka" ubaoni, madaftari yamejaa vema. Kisha mwalimu anasema: andikeni sentensi moja kuhusu mama. Kinachorudi ni "mamaanapikawali". Au "ma ma ana pika wa li". Au ukurasa mtupu na mtoto anayetafuna penseli.

Jibu la haraka ni kusema mtoto hajaiva kwenye silabi, arudi ba be bi bo bu. Hapo ndipo anapopotezewa mwezi mzima. Silabi anazijua. Asichokijua ni neno: linaanzia wapi, linaishia wapi. Maandishi ya Kiswahili hayana hila, kila herufi na sauti yake, silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Ila maneno yake ni marefu, hasa vitenzi, na mdomoni hayaachani. "Mamaanapikawali" ndivyo tunavyosema kweli. Nani huvuta pumzi kati ya mama na anapika? Nafasi iko kwenye karatasi tu. Haisikiki, kwa hiyo lazima ifundishwe kama herufi inavyofundishwa.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania yanaendeshwa kwa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. K ya kuandika ndiyo inayopunjwa mara nyingi, na sababu haifichiki. Kumsikiliza mtoto akisoma unaweza ukiwa umesimama. Daftari lazima ulikalie.

Hesabu maneno kabla ya kushika penseli

Mwambie mtoto aseme "Mama anapika", halafu muulize: maneno mangapi? Wengi watajibu sita. Hesabu yao ni sahihi: ma-ma-a-na-pi-ka. Wamepigia silabi makofi tangu darasa la awali na hakuna aliyewaambia kwamba leo kinahesabiwa kitu kingine.

Basi tenganisha. Makofi yabaki ya silabi siku zote, usiyatumie kwa maneno hata mara moja. Neno lipewe kitu cha kushika. Vizibo vya soda vinafaa kuliko chochote cha dukani. Mwombe mama lishe au mwenye genge akuwekee, kwa wiki utapata kopo limejaa. Mtoto anapanga vizibo vitano mbele yake, anasema sentensi taratibu, na kila neno linapotoka anasukuma kizibo kimoja, kuanzia kushoto kwenda kulia. Mama, kizibo. Anapika, kizibo. Basi.

Kisha cheza na kitenzi. "Mama alipika." Bado vizibo viwili. "Mama hakupika." Viwili. "Mama anampikia." Viwili vilevile, ingawa neno limerefuka. Ongeza "wali" na kizibo cha tatu kinasogea. Hapa mtoto anaanza kuona kuwa kitenzi cha Kiswahili kinabeba mizigo mingi lakini kinabaki neno moja. (Usitumie "atapika". Watasikia kutapika, na darasa litacheka hadi kengele.) Dakika 5 kwa siku kwa wiki 2 zinatosha. Kuna waalimu wanaoruka hatua hii kwa kuona ni mchezo wa chekechea, halafu wanatumia muhula mzima kuandika "acha nafasi" kwa kalamu nyekundu.

Kadi 12

Boksi la biskuti au la mafuta ya kula linatoa kadi nyingi. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 6 na uache urefu ufuate neno. Usilazimishe kadi zote zilingane. Kadi ya "bata" ikiwa fupi na ya "anasoma" ikiwa ndefu, jicho linajifunza kabla mdomo haujaeleza.

Majina sita: mama, baba, kaka, paka, kuku, bata. Vitenzi sita: analala, anakula, anaoga, anaruka, anasoma, analia. Tumia maka peni nyeusi kwa majina na ya bluu kwa vitenzi. Umepata sentensi 36, na nyingi ni za kuchekesha. Kuku anasoma. Bata analia. Ziache za kuchekesha, maana mtoto aliyecheka ameielewa sentensi. Huna haja ya kumuuliza maana yake.

Orodha hiyo haikupangwa ovyo. Majina yote ni ya watu au wanyama, kwa hiyo kitenzi kinaanza na a- bila kubadilika. Ukiingiza "kiti" wiki ya kwanza, itabidi kitenzi kigeuke ki-, na sasa unafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Hamna mb, nd wala ng'. Na dada hayumo kwa makusudi: "baba" na "dada" zikikaa ukurasa mmoja, b na d zinageuziana migongo na mtoto anaanza kubahatisha. Mwache baba akae wiki 3 peke yake. Dada atakuja akiwa na kanuni yake: b, fimbo kwanza halafu tumbo, d, tumbo kwanza halafu fimbo. Ukiona mtoto anaandika "baBa" au "kaDi", herufi kubwa katikati ya neno, jua anakwepa. B kubwa na D kubwa hazifanani kwenye kioo, ndiyo maana anazikimbilia. Si ujeuri.

Upande wa pili wa kila kadi ya jina, andika neno lilelile likianza kwa herufi kubwa. Jina linalotangulia kwenye sentensi ndilo linalogeuzwa. Mkono unaogeuza kadi kila siku hausahau upesi kama sikio lililoambiwa "sentensi huanza kwa herufi kubwa". Kwa nukta, weka kizibo mwishoni, au kata kadi ndogo yenye nukta nyeusi katikati.

Jambo moja la kuepuka mwezi wa kwanza: usikate kadi za vitenzi vipande, "ana" peke yake na "lala" peke yake. Inavutia, maana ukiwa na vipande hivyo unatengeneza vitenzi vingi kwa kadi chache. Lakini mtoto ataandika alichokiona mezani: vipande.

Baada ya wiki moja badilisha a- kuwa wa-, na hapa "kuku" na "paka" ni hazina. Jina halibadiliki, kitenzi ndicho kinachosema ni wangapi. Kuku analala. Kuku wanalala. Mwambie achore kuku wa kila sentensi, utaona mara moja aliyeelewa. Ki-/vi- ije baadaye, na sifa kama "-dogo" na "-kubwa" zije mwisho kabisa, kwa kuwa kila moja inadai upatanisho wake: mtoto mdogo, kiti kidogo, meza ndogo.

Vistari

Sasa penseli. Mtoto anasema sentensi yake mwenyewe, si ya ubaoni: "Paka analala jikoni." Mwalimu au mzazi hamwandikii. Anamchorea vistari vitatu kwenye daftari, kila neno na chake, urefu ukilingana na neno: karibu sentimita 3, sentimita 5, sentimita 4, na pengo kati yake. Mtoto anagusa kila kistari akitaja neno lake, kisha anaandika juu yake. Akisahau sentensi katikati, kama wanavyosahau wengi kwa kuwa mkono uko nyuma sana ya mdomo, vistari vinamkumbusha amebakiza nini.

Wiki ya tatu mtoto anajichorea vistari mwenyewe. Hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote: anayechora vistari vitatu kwa "Paka analala jikoni" ameshajua maneno, anayechora tisa bado anahesabu silabi, mrudishe kwenye vizibo kwa siku chache. Wiki ya tano au ya sita vistari vinaondoka vyenyewe. Wengine wataviomba tena sentensi ikirefuka. Wape.

Kuhusu pengo: kidole cha shahada huwasaidia wengi, ila mtoto wa mashoto anasumbuka nacho, kwa sababu mkono wa kulia inabidi upite mbele ya mkono unaoandika. Mpe njiti ya aiskrimu ailaze kando ya neno. Na usimwachie pengo la kidole milele. Baada ya miezi 2 pengo lipungue hadi upana wa "o" yake mwenyewe, la sivyo mstari wa daftari utabeba maneno mawili tu. Mstari ukiisha kabla ya neno, neno lote linashuka chini. Mtoto ambaye hajaambiwa hivyo ataibana "wanakimbizana", herufi 13, mpaka zipande ukingoni kama abiria wa daladala ya jioni.

Ana na ni

Mtoto yuleyule anaandika "ana lala" na "anaembe". Makosa yanayopingana, chanzo kimoja: ana ziko mbili. Kwenye "Asha ana embe" ni neno kamili. Kwenye "Asha analala" ni kipande cha kitenzi. Mfundishe afunike "ana" kwa kidole na ajiulize: kilichobaki ni kitu au kitendo? Embe ni kitu, acha nafasi. Lala ni kitendo, unganisha. Njaa na homa huleta ubishi kidogo, maana hazishikiki. Mwambie hizo ni vitu unavyokuwa navyo bila kuvishika, wataridhika. Darasa la pili unaweza kuongeza jaribio la jana: "Asha alilala", "ana" imepotea yote, "Asha alikuwa na embe", "na" imebaki pekee.

"Ni" nayo ina nyumba tatu. Peke yake: Huyu ni kaka. Mwanzoni mwa kitenzi: ninakula. Mkiani mwa jina: shuleni. Zifundishe kwa wiki tofauti, la sivyo utapata "huyu nikaka" na "shule ni". Kwa ile ya mkiani, jiji la Dar es Salaam lenyewe ni daftari. Magomeni, Mikocheni, Kivukoni: mtoto akigundua kuwa Mikocheni maana yake ni penye mikoche, hataitenga tena ile -ni.

Viungio vifupi (wa, ya, la, cha, kwa) vinaganda kwenye neno linalofuata: "daftari lajuma", "kwamama". Hapa vizibo vinasaidia kuliko maelezo. Daftari, la, Juma: vitatu. Na J kubwa.

Herufi zinazopotea, na kwa nini

"Nyuba" kwa nyumba, "tebo" kwa tembo, "kuvuja" kwa kuvunja. Sauti ya m na n mbele ya konsonanti hupita puani kwa kasi, na mtoto anaandika anachokisikia kinywani tu. Mwambie abane pua kwa vidole viwili na aseme "tembo". Sauti itakwama. Aseme "tope": inapita bila shida. Basi kanuni: pua ikikwama, kuna m au n ya kuandika. Fanya kwa jozi zinazobadilisha maana, ili aone hasara: Ndoo imevuja, Juma amevunja ndoo. Piga na pinga. Taga na tanga.

Irabu mbili zikifuatana, moja humezwa: "ka" kwa kaa, "cho" kwa choo. Hapa makofi yanarudi kazini, maana kaa ni makofi mawili. "Kiatu hiki kinafaa" ikiandikwa "kinafa", kiatu kimekata roho. Kwa "mualimu" na "kuenda" usipoteze muda mrefu. Yanajirekebisha kadiri anavyosoma.

H ndiyo donda la Dar. Mitaani inadondoka inapotakiwa (apa, uyu, ivi) na kuchomoza isipotakiwa ("halikuja" kwa alikuja). Kwenye maneno kama hapa na huyu ni suala la tahajia tu. Kwenye kitenzi ni suala la ndiyo au hapana: "Baba hajala" bila h ni "Baba ajala", ambayo haina maana, na "alikuja" yenye h inakuwa imekana kitu kingine kabisa. Kwa hiyo usifundishe h kama herufi moja ya orodha. Ifundishe pamoja na kukana: anakula, hali, amekuja, hajaja, anajua, hajui. Mtoto aweke kiganja mbele ya mdomo asikie pumzi. Na ujikague wewe mwalimu kwanza, kwa sababu imla ikisomwa "ajaja", itaandikwa "ajaja".

L na r zinategemea lugha ya nyumbani na majirani. Usimrekebishe mtoto namna anavyosema mbele ya wenzake. Mrekebishe kwenye karatasi, kwa jozi chache zenye uzito: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Anayeandika "mahari pa kulala" ameuliza swali zito kuliko alivyokusudia. Th, dh na gh ziahirishe. Mtoto wa miaka 6 anayeandika "zahabu" ana mambo ya haraka zaidi ya kujifunza.

Imla inavyoharibiwa

Imla nzuri huenda hivi: mwalimu anasema sentensi nzima mara moja kwa kasi ya kawaida, watoto wanairudia, wanahesabu maneno kwa vidole chini ya meza, wanaandika, mwalimu anairudia nzima mara moja tu mwishoni. Sentensi 3 kwa siku si haba.

Imla mbaya ndiyo iliyozoeleka: "A... na... pi... ka..." Mwalimu anavuta silabi moja moja kwa huruma, ili walio nyuma wafikie. Matokeo ni "a na pi ka", na mtoto ametii kabisa: aliposikia kimya aliacha nafasi.

Kunakili ubaoni nako kuna mtego wake. Kwa kuwa kila sentensi ya ubaoni inakaa mstari mmoja, mtoto anahitimisha kuwa nukta ni ya mwisho wa mstari. Utaona daftari lenye nukta zimejipanga kulia kama kamba ya nguo, sentensi iwe imeisha au la. Tiba ni ya siku mbili: siku ya kwanza andika ubaoni sentensi mbili fupi kwenye mstari mmoja, siku ya pili sentensi moja ndefu inayoshuka mstari wa chini. Waulize nukta ikae wapi kabla hujaiweka. Zaidi ya hapo, kunakili kupewe dakika 5 za mwandiko na kuishie hapo. Mtoto aliyenakili "Huyu ni Juma" mara kumi ameandika sentensi sifuri.

Na tafadhali, tusiwaambie watoto kuwa sentensi ni "maneno mengi yaliyopangwa". Kiswahili hakikubali. "Nimeshiba." Neno moja, sentensi kamili. "Paka mkubwa mweusi wa jirani" ni maneno matano na bado tunasubiri: amefanya nini? Hilo ndilo swali la kupimia. Mtoto asome alichoandika, msikilizaji akibaki anauliza "amefanya nini?" au "nani?", bado haijaisha.

Darasa la 90

Kiwango rasmi cha shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule nyingi za Dar zinazidi hapo, nyingine zina zamu ya asubuhi na ya mchana. Haya yote yanawezekana bado, kwa kukubali kwamba hutasahihisha kila daftari kila siku. Kipindi cha dakika 30 kigawe hivi: 5 za kusema na kuhesabu kwa vizibo, 5 za kadi, 12 za kuandika, 5 za kusomeana wawili wawili, 3 za kugawa na kukusanya. Chukua madaftari 18 tu kwa siku, safu kwa safu. Ijumaa umemaliza 90. Kusomeana ndiko kunakoziba pengo: mtoto anaweka kidole chini ya kila neno na kusoma kilichoandikwa, si alichokusudia. Nusu ya makosa ya herufi zilizopotea hugunduliwa hapo, na jirani hatoi kalamu nyekundu.

Unaposahihisha, chagua kosa moja, yasizidi mawili. Kwanza maana, halafu nafasi, halafu herufi iliyopotea. H na l/r mwisho. Daftari lililojaa wekundu linamfundisha mtoto kuandika sentensi fupi iwezekanavyo, maana penye maneno machache pana makosa machache. Raba ikusanywe mwanzoni mwa kipindi. Wapo wanaofuta mpaka karatasi inatoboka na neno la kwanza halijakaa. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, kazi iendelee.

Nyumbani

Dakika 10 baada ya uji wa asubuhi au kabla ya kulala zinatosha. Mwachie mtoto kazi za kweli: ujumbe kwa baba aliyechelewa ("Chakula kiko jikoni."), au karatasi ya kubandika mlangoni ("Usiingie. Ninaoga."). Orodha ya kwenda dukani ni mazoezi mazuri ya maneno, ila si sentensi. Mfiche kidogo na simu za wakubwa. "Cjui" na "xaxa" zinaingia haraka, na x haimo hata kwenye alfabeti ya Kiswahili.

Kama mtoto anasoma shule ya Kiingereza, kosa lake kubwa litakuwa kwenye irabu. Amefundishwa kuwa e inaitwa "i", kwa hiyo anaandika "ketabu" na "mama anapeka" akiwa na uhakika kabisa. Usimwambie amekosea herufi. Mwambie kwamba kwa Kiswahili irabu zinaitwa kwa sauti zake. Bandika kipande cha karatasi mezani: a ya andazi, e ya embe, i ya inzi, o ya oga, u ya uji. Kinakaa hapo mpaka aache kukitazama.

Ugonjwa wa mwisho huwapata hasa wanaofanya vizuri. Mtoto amepata vema kwa "Mama anapika wali", basi Jumatatu mama anapika wali, Jumanne mama anapika wali, na Ijumaa ameongeza maharage. Mpigie marufuku mama kwa wiki moja. Weka kitu mezani, embe, kandambili iliyokatika, tiketi ya pantoni, na uliza kwa mpangilio huu: nani? alifanya nini? wapi? lini? "Kwa nini" isubiri, kwa sababu inaleta "kwa sababu" na sentensi inakuwa ya mistari mitatu.

Akikuletea "kuku kaingia jikoni kala unga wa bibi", usikimbilie kubadilisha "kaingia" kuwa "ameingia". Hivyo ndivyo mtaa unavyosema, na utapata muda wa kueleza namna ya vitabuni akifika darasa la pili. K ya kuku iwe kubwa, nukta iwekwe. Kisha muulize: wote au kidogo? Ataondoka kwenda kuongeza neno.